Mwanangu mdogo alikwama katikati ya ziplaini ya ndani, kaka yake akafika kwa kishindo. Kwa nini?

#1 Mama Watatu
Wakuu, naomba mawazo yenu. Jumamosi niliwapeleka wanangu wawili kwenye ukumbi wa michezo wenye ziplaini ya ndani, ule mchezo wa kuning'inia kwenye waya na kuteleza. Ni waya mmoja, kama mita 40 hivi, unaanzia jukwaa la juu na kuishia kwenye godoro kubwa lililosimamishwa ukutani. Binti ana miaka 7, kilo 21. Kaka yake ana miaka 12, kilo 48. Wote walivalishwa mikanda na helmeti, wote walipita waya uleule, wakipishana dakika chache tu.

Binti aliondoka vizuri. Mwendo ukaanza kupungua, na zikiwa zimebaki kama mita saba akasimama kabisa. Kisha akaanza kurudi nyuma polepole mpaka akatulia katikati, ananing'inia juu ya vichwa vya watu. Ilichukua kama dakika sita mhudumu kumfikia kwa kamba na kumvuta. Alilia kwanza, baadaye akacheka. Mimi moyo haujatulia mpaka leo.

Kaka yake ilikuwa kinyume. Alikwenda kama mshale, akapiga breki ya mwisho, miguu ikarushwa mbele na visigino vikalipiga godoro hadi watu wakageuka. Hakuumia.

Wanataka kurudi mwezi ujao. Kwa nini waya uleule uwatendee tofauti hivi? Na nikirudi, niangalie nini kabla sijawaruhusu kupanda?

#2 Kobe
Pole kwa mtoto, dada. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mwewe
Jibu ni fupi: uzito. Mzito huenda kasi, mwepesi hukwama. Ndiyo maana kumbi nyingi huweka kilo za chini. Uliuliza za pale ni ngapi?

#4 Mwalimu Kipimo
Mwewe, hapo nakupinga. Nafundisha fizikia sekondari na hili kosa nalisahihisha kila mwaka. Kwenye mteremko, dunia humvuta mzito kwa nguvu zaidi, lakini mwili mzito pia ni mgumu zaidi kusukumwa. Mambo hayo mawili yanafutana. Kama hakuna msuguano wala hewa, kilo 21 na kilo 48 wanafika pamoja. Hata msuguano wa gurudumu kwenye waya huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, kwa hiyo nao unafutika. Uzito peke yake si maelezo. Tafuteni kitu kingine.

#5 FundiKamba
Mwalimu, darasani uko sahihi, lakini njoo juu ya jukwaa uone. Nimefunga na kukagua nyaya hizi kwa miaka kadhaa na sijawahi kuona wepesi na wazito wakifika pamoja.

Mimi naanza na roda. Ile roda anayoning'inia mtoto ina magurudumu mawili, ndani yake kuna beringi, na beringi zina mpira wa kuzuia vumbi na mafuta mazito. Ule ukinzani wa mpira na mafuta haujali aliyening'inia ni nani. Kwa mtu wa kilo 80 ni kitu kisichohisika. Kwa mtoto wa kilo 21 ndicho kinachomsimamisha. Ndiyo maana watu makini huweka roda mbili tofauti: zinazoteleza sana kwa wepesi, na zenye ukinzani zaidi kwa wazito.

La pili ni kulegea kwa waya. Waya hauwi mstari ulionyooka, unabonyea katikati. Kwa hiyo mwisho wa safari mtoto huwa anapanda kilima kidogo. Aliyepoteza mwendo hapandi, anarudi bondeni. Ndicho kilichomrudisha binti katikati, hakuna kilichokatika wala kuharibika.

Dada, unakumbuka walitumia roda ileile kwa wote wawili?

#6 Mama Watatu
Asante Fundi. Roda zilikuwa kwenye ndoo, mhudumu anachukua iliyo juu. Sidhani kama alichagua. Na Mwewe, kibao kilisema kilo 20 kwenda juu. Binti alikuwa ndani ya kiwango, ila kwa kilo moja tu.

#7 Mwewe
Kilo moja! Sasa Mwalimu aniambie uzito hauhusiki.

#8 Mwalimu Kipimo
Sikusema hauhusiki, nilisema si maelezo peke yake. Hoja ya Fundi kuhusu beringi naikubali, na nimekaa na karatasi.

Tuchukue waya wa mita 40 unaoshuka jumla ya mita 2. Huo ni mteremko wa 5 kwa 100. Nguvu inayomsukuma binti mbele, kwa wastani, ni kilo 21 mara 9.8 mara 0.05. Jibu ni kama newton 10, sawa na uzito wa kitu cha kilo moja tu. Kaka yake anasukumwa na newton 23 au 24.

Mwendo wa juu kabisa unaoweza kupatikana kwa kushuka mita 2 bila upinzani wowote ni mita 6.3 kwa sekunde, yaani kilomita 22 na kidogo kwa saa. Kwa mwendo huo hewa inamrudisha mtoto nyuma kwa newton 8 hivi, ukikadiria mwili wake umekaa wima. Nane dhidi ya kumi! Hewa ya ndani ya ukumbi, isiyo na upepo, inakaribia kummaliza nguvu. Kwa kaka, kumi au kumi na moja dhidi ya ishirini na tatu, bado ana akiba ya kutosha.

Kwa hiyo kwangu mimi ni hewa. Beringi ni nyongeza.

#9 Tausi
Hesabu nzuri, Mwalimu. Lakini binti hakufika mita 6 kwa sekunde, maana alikuwa anapunguza mwendo tangu mapema. Ukinzani wa hewa hupungua haraka mtu akienda polepole. Kwa mwendo mdogo kinachobaki ni beringi. Namuunga mkono Fundi.

#10 Mwalimu Kipimo
Tausi, hiyo ni hoja. Nusu ya mwendo, robo ya ukinzani wa hewa. Nakubali kwamba mita za mwisho si za hewa. Lakini nguvu aliyopoteza alipokuwa kasi kule mwanzoni haikurudi, na ndiyo aliyoihitaji kupanda ile sehemu ya mwisho.

#11 NesiUsiku
Wakati mnapima hewa, mimi nizungumzie majeruhi, kwa sababu dada aliuliza pia usalama. Mwaka 2015 jarida la American Journal of Emergency Medicine lilichapisha utafiti wa majeraha ya ziplaini yaliyofika vyumba vya dharura Marekani kati ya 1997 na 2012. Walikadiria majeruhi 16,850. Karibu nusu, 45 kwa kila 100, walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Sababu kubwa ilikuwa kuanguka, zaidi ya robo tatu. Na karibu nusu ya majeraha yote yalikuwa mifupa iliyovunjika.

Kwa hiyo mwenzangu, kukwama katikati si adui. Mtoto aliyekwama bado amefungwa. Adui ni kuanguka, na kugonga mwishoni. Mimi ningehofia zaidi kile kishindo cha kaka kuliko kilio cha binti.

#12 Kobe
16,850 katika kumbi za ndani? Basi wangu haendi.

#13 FundiKamba
Kobe, soma vizuri. Hizo ni ziplaini zote, na humo zimo za nyuma ya nyumba na mashambani, takriban tatu katika kila kumi. Zile za nyumbani ndizo mtoto anaketi kwenye kijiti au anashikilia kwa mikono tu, hana mkanda. Mikono ikichoka, chini. Usiziweke kapu moja na waya wa ukumbini wenye mkanda, karabina (kile kiungo cha chuma chenye lango kinachofunga mkanda kwenye roda) na mtu wa kukagua.

Lakini Nesi yuko sahihi kuhusu kishindo. Mtu anayefika na mita 5 kwa sekunde akisimamishwa ndani ya mita 2 hahisi kitu kikubwa. Akisimamishwa ndani ya nusu mita, anapokea nguvu ya mara mbili na nusu ya uzito wake, na kama miguu imekakamaa mbele, inapokea kifundo cha mguu. Breki ya springi ina urefu wake na ina kiwango chake cha uzito. Godoro la ukutani ni la dharura, la siku breki imeshindwa. Mtoto wa kilo 48 akilifikia katika safari ya kawaida, breki hiyo imewekwa karibu mno na ukuta au imechoka. Hilo mwambie msimamizi kabla hujalipa.

#14 Baba Pacha
Hapa kwangu ziplaini ni ile ya kushika upau kwa mikono, unapita juu ya shimo la sponji, unajiachia unazama. Hakuna mkanda wala karabina. Mbona hamuizungumzii? Mpwa wangu aliteguka kifundo cha mguu pale.

#15 FundiKamba
Mkuu, hiyo ni kitu kingine kabisa ingawa jina ni moja. Kwenye shimo la sponji kinachoumiza ni sakafu iliyo chini ya sponji zilizolala, na mtu aliyebaki ndani wakati mwingine anashuka. Alishukaje mpwa wako?

#16 Baba Pacha
Alitua kwa miguu iliyonyooka, sponji zikagawanyika, akafika chini. Baadaye tuliona sehemu ile wanatua wote, sponji zimekuwa kama unga, hazina nafasi kati yake.

#17 Tausi
Ndiyo hapo. Kwenye shimo unatua kwa makalio na mgongo, mikono imekunjwa kifuani. Kichwa kwanza ni marufuku, na kwa miguu iliyonyooka si salama. Mimi huangalia kama mhudumu anazichambua sponji kila baada ya muda. Kama hazigusi kuanzia asubuhi, watoto wangu wanafanya mchezo mwingine.

#18 Mtepe
Mimi nina maelezo mengine ya kukwama kwa binti. Baridi. Ukumbi ukipoa, waya unajikaza, mteremko unabadilika. Asubuhi watu hukwama, mchana hawakwami.

#19 Mwalimu Kipimo
Mtepe, mita 40 za chuma zikipoa kwa nyuzi 10 hupungua milimita 5 hivi tu. Na waya ukikazwa, bonde linakuwa dogo, kwa hiyo mtoto angekwama kwa shida zaidi, si kwa urahisi.

#20 Mtepe
Waya hapana, sawa. Lakini mafuta ya beringi je? Mafuta yakipoa huwa mazito.

#21 FundiKamba
Hapo kwenye mafuta Mtepe amenigusa. Roda zilizolala usiku kwenye ndoo huanza siku zikiwa nzito, na safari chache za kwanza ni za polepole. Dada, mlikwenda saa ngapi?

#22 Mama Watatu
Walipofungua tu. Binti alikuwa wa tatu kwenye foleni, kaka yake wa nne.

#23 Mtepe
Nimemaliza.

#24 Mwewe
Hujamaliza, kaka yake alikuwa wa nne, na hakukwama. Tunarudi kwenye kilo.

#25 Baba Pacha
Swali la pembeni. Mmoja wa pacha wangu hufika jukwaani akagoma. Mara ya mwisho nilimsukuma kidogo tu mgongoni, akaenda, akafurahi, sasa haogopi. Mke wangu bado hajanisamehe. Nilikosea?

#26 Tausi
Ulikosea, ndugu yangu, na nakwambia kwa upendo. Binti yangu alisukumwa vilevile na shangazi yake. Alipojikuta hewani aligeuka, akanyoosha mkono kurudi jukwaani, akaukamata waya nyuma ya roda. Ngozi ya viganja ilichubuka vibaya. Angeukamata mbele ya roda, vidole vingepita chini ya gurudumu. Mtoto aliyeamua mwenyewe kuondoka anashika kamba yake na kuangalia mbele. Aliyesukumwa anatafuta chochote cha kushika.

#27 Baba Pacha
Nimekuelewa. Hilo la vidole sikuliwaza kabisa. Lakini basi tunafanyaje? Tushuke ngazi na foleni yote inatutazama?

#28 Tausi
Ndiyo, mnashuka. Mimi humwambia kabla hatujapanda: ukifika juu ukabadili mawazo, tutashuka pamoja na hakuna atakayekucheka. Ajabu ni kwamba tangu nianze kumwambia hivyo, ameshuka ngazi mara moja tu.

#29 NesiUsiku
Hapa sikubaliani kabisa na pande zote mbili. Kumsukuma, hapana. Lakini kuna mtoto anayehitaji kuhesabiwa moja, mbili, tatu, na sauti ya mzazi imara. Ukimwonyesha njia ya kurudi mapema mno, ataichukua kila siku. Wangu mmoja ni hivyo, mwingine sivyo. Mzazi ndiye anayemjua mtoto wake.

#30 FundiKamba
Hoja ya Tausi kuhusu mkono imenikumbusha. Dada Mama Watatu, una video ya binti? Angalia mikono yake iko wapi.

#31 Mama Watatu
Nimeitazama tena mara tatu. Mwanzoni ameshika kamba fupi mbele ya kifua. Alipopita katikati mkono wa kulia unapanda juu. Sioni vizuri kama unagusa roda au mkanda. Wakati huohuo anaanza kuzunguka, anaenda kinyumenyume.

#32 FundiKamba
Basi tumepata mshukiwa mwingine. Newton 10 alizohesabu Mwalimu ni chache mno kiasi kwamba kiganja cha mtoto kikigusa roda au waya kinatosha kumsimamisha. Na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa ajili ya vidole. Watoto wanapaswa kuambiwa jambo hilo chini, kabla ya kupanda, na waambiwe mahali pa kuweka mikono. Ukimwambia tu "usiguse waya", mikono haijui iende wapi. Mwambie "shika kamba hii hapa, mbele ya pua yako, mpaka nikuambie achia".

#33 Mwalimu Kipimo
Na kule kuzunguka kinyumenyume kunaongeza eneo linalokutana na hewa, hasa akitanua miguu. Angejikunja, magoti juu, angefika mbali zaidi. Bado nasema hewa.

#34 Kobe
Kila mmoja na mshukiwa wake 😄 Niulize la kawaida: hivi mikanda mnaipimaje? Mwanangu ni mwembamba, ukimvalisha ya kiunoni inashuka.

#35 FundiKamba
Swali zuri kuliko yote humu. Mtoto mdogo hana nyonga zilizotokeza. Mkanda wa kiuno na mapaja peke yake unakaa vizuri kwa mtu mzima kwa sababu mifupa ya nyonga inauzuia usishuke. Mtoto akipinduka kichwa chini, anaweza kuchomoka. Kwa hiyo mdogo avae mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani, na sehemu ya kufungia iwe juu kifuani. Kiwango cha Ulaya cha mikanda, EN 12277, kina aina maalumu ya mwili mzima kwa wenye uzito hadi kilo 40, inaitwa aina B. Utaiona kwenye kijitambulisho kilichoshonwa.

Ukimvalisha, mwambie ainue mikono na achuchumae. Mkanda ukishuka chini ya nyonga, haufai. Viganja viwili bapa visipite kati ya mkanda na paja. Kanzu, sketi na majaketi manene huudanganya mkanda, kwa hiyo suruali ni bora. Kisha karabina: lango limefungwa na limejifunga kufuli, livute kwa kidole uone. Karabina nzima huandikwa uwezo wake ubavuni, na kiwango cha Ulaya kinataka angalau kN (kilonewton) 20 kwa urefu, yaani zaidi ya tani mbili. Lango likiwa wazi uwezo huo hushuka hadi kama theluthi. Chuma hakikatiki kwa kilo za mtoto. Kinachotokea ni lango kusahauliwa, au karabina kufungwa kwenye kitanzi kisicho cha kubebea uzito, kile cha kutundikia vifaa. Ndiyo maana mtu wa pili hukagua kazi ya wa kwanza. Usione haya kuwa wewe huyo wa pili.

Na jambo moja ambalo wazazi hawalitazami: juu ya jukwaa mtoto amefungwa na nini? Anatakiwa awe amefungwa tangu anapovuka geti la juu hadi anaposhuka upande wa pili, na asijifungue mwenyewe hata kama ni mjanja wa karabina.

#36 Kobe
Asante sana Fundi. Hili la kitanzi cha vifaa sikulijua.

#37 Tausi
Niongeze helmeti. Kwenye waya avae, kamba ya kidevu imekazwa. Akishuka tu, mvue. Wangu alitoka kwenye ziplaini akakimbilia wavu wa kupanda akiwa nayo kichwani, kichwa kikapita kwenye tundu, helmeti ikakataa. Alikuwa ananing'inia kwa kidevu. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, namshukuru Mungu.

#38 Mwewe
Helmeti ndani ya ukumbi ni ya nini hasa? Hakuna mawe wala matawi.

#39 NesiUsiku
Mwewe, kuna ukuta, kuna nguzo, kuna roda yenyewe inayorudi usoni mtu akisimama ghafla. Tausi kasema kweli kuhusu kuvua. Zipo helmeti za watoto wadogo ambazo kifungo chake huachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu, kwa sababu hiyohiyo ya kunyongwa. Na nywele ndefu zifungwe na kuingizwa ndani ya nguo. Mtandio, mkufu, kamba za kofia ya jaketi, vyote vibaki chini. Roda haibagui.

#40 Mama Watatu
Nesi, nisaidie na hili: zile dakika sita za kuning'inia zingeweza kumdhuru?

#41 NesiUsiku
Dakika sita kwa mtoto anayelia na kurusha miguu, hapana. Tatizo ni mtu anayening'inia bila kujongea kabisa, hasa aliyezimia. Damu hubaki miguuni na hairudi vizuri kwenye moyo, naye huzidi kuzimia. Kwa hiyo mfundishe: ukikwama, piga miguu kama unaendesha baiskeli, kunja magoti, ongea. Akishushwa akiwa amelegea, mlaze chini kama mgonjwa yeyote na uite msaada. Zamani ilisemwa asilazwe, abaki amekaa. Ushauri huo ulipitiwa upya Uingereza mwaka 2009 na haukukutwa na msingi.

Ila dakika sita kwa ukumbi ni nyingi. Waulize wana mpango gani wa kumfikia aliyekwama na nani amefunzwa.

#42 Baba Pacha
Na trampolini je, maana wangu wakitoka kwenye waya wanakwenda huko wote wawili kwa mpigo...

#43 NesiUsiku
Mmoja mmoja, baba. Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2012 kwamba karibu robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea wakiwa wengi kwa wakati mmoja, na mdogo ndiye anayeumia zaidi.

#44 Msimamizi
Trampolini ifunguliwe uzi wake. Turudi kwenye waya.

#45 Mtepe
Kabla hatujarudi, nani anajua mchezo huu umetoka wapi? Nasikia jeshini.

#46 FundiKamba
Wapanda milima walivuka mabonde kwa kamba zamani sana. Huu wa kutalii ulikua Costa Rica, baada ya watafiti kuanza kutumia kamba miaka ya 1970 kufika kwenye vilele vya miti ya msituni. Za ndani ni wadogo zake wa juzi.

#47 Mama Watatu
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Tulikwenda jana.

Nilifanya mlivyosema. Niliuliza breki, msimamizi akanionyesha kwamba wameisogeza mbali na ukuta, na kaka mtu hakuligusa godoro safari hii. Mikanda niliivuta mwenyewe. Nilimkuta mhudumu amefunga karabina ya binti sawasawa, na hakuchukia nilipoangalia.

Binti alifika. Alifika mpaka mwisho, akapiga kelele za furaha, akarudi mara tatu!

Sasa kwa ajili ya mjadala wenu: safari hii wana ndoo mbili za roda, na yake ilitoka kwenye ndoo ya wepesi. Tulikwenda alasiri. Nilimfundisha kukunja magoti na kushika kamba mbele ya pua. Na mizani ya pale imesoma kilo 22.

#48 Mtepe
Alasiri. Mafuta yamepata moto.

#49 Mwewe
Kilo 22. Asanteni.

#50 Mwalimu Kipimo
Magoti yamekunjwa, hewa imepungua! Hongera kwa binti. Lakini dada, umebadilisha vitu vinne kwa pamoja, hatuwezi kujua ni kipi. Mkirudi tena, omba binti apande na roda ya ndoo ya wazito, kila kingine kibaki vilevile. Au kaka apande na ya binti.

#51 FundiKamba
Hapana, hapana Mwalimu. Kaka kwa roda ya wepesi atafika breki kwa kasi kuliko ile ya mwanzo, na binti kwa roda nzito tunarudi kwenye kuning'inia. Kujaribu si kwa watoto. Sisi tunajaribu asubuhi kabla ya kufungua, kwa mifuko ya mchanga, mmoja wa uzito wa chini kabisa na mmoja wa juu kabisa. Aombe aone hiyo.

#52 Mama Watatu
Basi nitafika mapema siku hiyo niwaulize kama wana mifuko. Binti ameshasema yeye ndiye atakayehesabu sekunde.